Kikao cha Bomba

Jumapili ile watu walitoka kanisani mbio, hata wale ambao kwa kawaida hubaki mlangoni wakisalimiana mpaka taa zizimwe. Baridi ilikuwa inakuja. Siyo ile baridi ya kila mwaka ya Minnesota, ambayo watu wameizoea na kuitania. Hii ilikuwa ya kufunga shule, ya kuwafanya watangazaji wa hali ya hewa waongee kama wako msibani. Elihuruma alimfunika bintiye Joan, mtoto wa miezi mitano, akamshika mama yake mkono kwenye barafu ya maegesho, wakaanza safari ya kurudi kwao Brooklyn Center. Njia nzima alikuwa anaifikiria nyumba.

Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao, ya zamani, na ugonjwa wake ulikuwa jikoni. Sinki lilikaa kwenye ukuta wa kaskazini, na ukuta ule ndani ulikuwa mtupu. Hakukuwa na pamba wala chochote cha kuzuia baridi, ila mbao huku na mbao kule, na katikati yake mabomba ya maji. Elihuruma alilijua hilo tangu majani yalipoanza kupukutika. Alimwambia mwenye nyumba, mwenye nyumba akasema atatuma fundi. Akamkumbusha, akaambiwa fundi amesafiri. Akamkumbusha tena, akaulizwa mbona wapangaji waliotangulia hawakuwahi kulalamika.

Mwenye nyumba aliitwa Alfred, Mkenya, mzee wa kanisa lilelile walilotoka kusali, mtu wa suti safi na sala ndefu. Alianza kwa kuogesha wagonjwa kwenye nyumba za wazee kama wengi wetu, akapanda, sasa ana kampuni yake ya wauguzi na nyumba kadhaa anazowapangisha Waafrika wenzake. Hakuwa na habari ya mikataba. Sisi ni ndugu, alikuwa anasema, karatasi za nini? Na ni kweli kwamba Wema, mke wa Elihuruma, alipokuwa na mimba kubwa na kila mlango umewafungia, ni Alfred aliyewapa funguo. Basi kila Elihuruma alipotaka kupaza sauti kuhusu ule ukuta, undugu ulimkaba koo. Watu wa aina ya Alfred wanaijua sana kazi hiyo. Wanakutendea fadhila moja, kisha wanaila miaka yote.

Mchana huo mume na mke wakaanza kuiandaa nyumba. Wema alibandika plastiki kwenye madirisha na kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakaza. Elihuruma alikunja mataulo akaziba chini ya milango, akaenda kujaza gari mafuta, akarudi na mkate na maziwa ya kutosha siku nyingi. Mama yake, Mama Nakunda, alikaa kwenye kochi na mjukuu mapajani, akiwatazama. Alikuwa ametoka Same, Tanzania, mwanzoni mwa msimu wa baridi kuja kumlea huyo mtoto ili Wema arudi kazini. Akauliza kwa nini nyumba nzuri hivi inavishwa nailoni kama banda la vifaranga. Elihuruma akacheka, akasema ni mambo ya huku.

Hapo ndipo penye uozo wote, na sioni sababu ya kuuficha. Mama Nakunda aliamini kwamba nyumba ile ni ya mwanawe. Hakuliota jambo hilo. Elihuruma alituma picha kwao, amesimama mbele ya mlango na funguo mkononi, akaandika kwamba Mungu ni mwema, wamepata nyumba. Ndugu zake wakampongeza kwa kununua, naye hakuwasahihisha. Huko Same ikafanyika ibada ya shukrani, mbuzi akachinjwa. Mama alipofika Marekani alipita chumba kwa chumba akiiombea nyumba ya mwanawe, akiweka viganja ukutani. Wema alimwambia mumewe amweleze mama ukweli, na kila alipomwambia, jibu lilikuwa kesho.

Jioni Alfred akatuma ujumbe wa sauti kwa wapangaji wake wote. Elihuruma aliusikiliza bafuni, mlango umefungwa. "Watu wangu, kesho ni baridi mbaya sana. Acheni tap zote zi-drip, na mfungue kabati za chini ya sinki ndio joto ifike kwa pipe. Pipe iki-burst, hiyo ni juu yenu." Hakusema lolote kuhusu fundi.

Sasa fikiria kazi ya kumweleza Mama Nakunda kwamba maji yaachwe yadondoke kutwa, ili yasigande ndani ya bomba na kulipasua. Mama huyu alitoka tambarare ya Same, penye jua na vumbi, mahali ambapo wanawake wanaamka na giza kwenda kupanga madumu. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mshika ufunguo wa bomba la kijiji, mjumbe wa kamati ya maji, na aliwahi kugombana na mke wa mwenyekiti wa kijiji hadharani kwa sababu ya bomba lililoachwa likitiririka. Jina lake lote lilijengwa hapo. Angeuliza kwa nini maji yamwagwe. Angeambiwa ukuta ni mtupu. Na angeuliza swali ambalo mwanawe alikuwa analikimbia: kama nyumba ni yako, kwa nini usiujaze?

Asubuhi ya Jumatatu Elihuruma alifungua mabomba kidogo, maji yakatoka membamba kama uzi, akaacha milango ya kabati wazi. Mama alikuwa chumbani anambadilisha mtoto nepi. Wema, akiwa ameshavaa sare yake ya kazi kwenye nyumba ya wazee, akamuuliza mumewe mlangoni kama amemwambia mama. Akasema atampigia akifika ofisini, mtoto akiwa amelala, aongee naye vizuri. Wema akamwamini. Wote wawili wakaondoka.

Hakupiga.


Mama Nakunda alipotoka chumbani, kitu cha kwanza kilichomfikia ni ile sauti ya maji. Akasikitika. Vijana wameamka wamechoka, alijisemea, wanafanya kazi kama punda, hata bomba wanasahau. Akalifunga la jikoni, akalikaza vizuri kwa kiganja, akaenda bafuni akalifunga na la huko. Makabati nayo akayafunga, maana nyumba yenye makabati wazi inaonekana kama imeporwa. Kisha akambeba mjukuu mgongoni na kumwimbia, na nje upepo ulikuwa unapiga hivyo hivyo kama unataka kuingia.

Mchana akataka maji ya kumwogeshea mtoto. Akafungua bomba la jikoni, halikutoa kitu. Likakohoa kidogo, likanyamaza. Mtu mwingine angeshtuka, angepiga simu. Mama Nakunda hakushtuka hata kidogo. Ni mgao, akajua. Kumbe hata Wamarekani wana mgao wa maji. Akamcheka mwanawe aliyekuwa akijigamba kwamba huku maji hayakatiki. Akafanya kama alivyofanya maisha yake yote: akaliacha bomba wazi, akatega ndoo chini yake ili yakirudi yasipotee, akachota maji ya mtoto bafuni ambako bado yalikuwa yanatoka. Halafu akabandika maharage, na jiko likawaka kwa saa nyingi.

Huko ukutani bomba lilikuwa limeshapasuka kwa barafu, ila barafu yenyewe ilikuwa bado imeziba ufa. Joto la jiko likailegeza. Alisikia mlio mmoja mkavu, na maji yakaja, lakini hayakuja kwenye ndoo. Yalitoka chini ya sinki, yakasukuma milango ya kabati, yakaenea jikoni na kushuka ngazi za besimenti, vile vyumba vya chini ya ardhi. Mama Nakunda akatupa mataulo, akatupa mashuka, akatupa na blanketi alilokuja nalo kutoka nyumbani. Akampigia mwanawe, simu ikaita tu. Akampigia Wema, naye alikuwa ameiacha simu kwenye kabati la kazini kama wanavyotakiwa. Mwanamke yule wa miaka sabini akawa anachota maji sakafuni kwa sufuria na kuyamwaga kwenye beseni la kuogea, mtoto mgongoni analia, na miguu yake imekufa ganzi.


Wema aliporudi alimkuta bado anachota. Alishuka besimenti, maji yakamfika juu ya viatu, na ile hita kubwa ya kupasha nyumba nzima ilikuwa imezimika. Valvu ya kufunga maji ilikuwa kwenye chumba kidogo kule chini, na chumba hicho Alfred alikifunga kwa kufuli tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliweka vitu vyake humo. Hakumpa mtu ufunguo. Wema akampigia, hakupokea. Akampigia tena na tena. Elihuruma akarudi, akampigia yeye pia. Ukisikia mtu amepangishiwa nyumba na akanyimwa mahali pa kufungia maji, utadhani ni hadithi ya kutunga. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na maji yakaendelea kumwagika mpaka mheshimiwa alipomaliza shughuli zake.

Alfred hakubisha hodi. Alifungua kwa ufunguo wake, akakanyaga zulia na viatu vyenye theluji, akapita mbele ya Mama Nakunda bila shikamoo, bila hata habari ya jioni, akashuka chini. Maji yakakatika. Alipopanda tena, mama alikuwa amesimama katikati ya sebule na sufuria yake mkononi.

"Elihuruma," alisema, "huyu ni nani anayeingia kwako na viatu?"

Wema alimtazama mumewe. Ni Alfred aliyejibu, na alijibu kwa upole, upole wa mtu anayejua kwamba ana nguvu. "Mama, hii ni nyumba yangu. Hawa ni tenants."

Mama hakuelewa neno la mwisho, lile la wapangaji, lakini maneno ya kwanza yalimtosha. Akaiweka sufuria mezani, akaenda chumbani kumfuta mtoto miguu.

Alfred akauliza nani alifunga tap. Mama Nakunda akajibu kutoka chumbani, bila kusita, kwamba ni yeye.


Siku zilizofuata walilala wote kwenye chumba kimoja, na vile vihita vidogo vya umeme vya kuazima, mtoto katikati. Hita kubwa ikatengenezwa ikapata nafuu, bomba la jikoni likakatwa na kuzibwa, na maji ya kupikia wakawa wanayachota bafuni. Alfred alitangaza kwamba hasara yote ni ya wapangaji, maana walionywa. Halafu akasema hataki kesi na ndugu zake, afadhali wakae kikao kama Wakristo. Maneno mazuri. Kikao ni chetu, tumekuja nacho kutoka nyumbani, na kimeponya ndoa nyingi na kuzuia mapanga mengi. Lakini nimeona pia kikao kikitumika kumfunga mtu mdomo palepale ambapo sheria ingemfungulia. Jiji lina wakaguzi wa nyumba. Ukuta mtupu wangeuandika kwa dakika moja. Alfred alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana alipenda sana vikao.

Wakati huohuo habari ilishafika Same. Christina, mama mmoja wa kanisani mwenye asili ya hukohuko, alituma ujumbe wa sauti kwa dada yake, dada akautuma kwa shemeji, na kabla wiki haijaisha kijiji kizima kilijua kwamba Mama Nakunda ameibomoa nyumba ya mwanawe huko Marekani kwa kuchezea bomba. Namsifu, binti mdogo wa Mama Nakunda, alipiga simu akicheka kwa uoga, akauliza kama ni kweli. Akasema mke wa mwenyekiti anaisimulia kila mahali. Mshika ufunguo wa maji, leo kapasua bomba. Mama Nakunda alisikiliza mpaka mwisho, akaaga. Tangu siku hiyo hakugusa bomba lolote humo ndani bila kumuuliza Wema kwanza. Afungue? Afunge? Wema alikuwa anajibu huku moyo unamuuma, kwa sababu kwa miezi yote waliyokaa pamoja mama mkwe huyu hakuwahi kumwomba ruhusa ya kitu chochote, na walishakwaruzana mara nyingi kwa ajili hiyo. Sasa alitamani wakwaruzane.

Siku moja kabla ya kikao Alfred alimsubiri Elihuruma nje ya ofisi yake mjini, akamwambia aingie garini wapate joto. Kiti kilikuwa cha ngozi, na kilipashwa moto. Alfred aliongea kama kaka mkubwa. "Bro, sikia. Ukisema hukumwambia mama, hiyo ni kosa yako, na mimi sina njia, itabidi mlipe na mtoke. Lakini ukisema ulimwambia, akasahau, si ni mzee tu? Nani atamkasirikia? Anarudi home in a few months. Nyinyi mnabaki, maisha inaendelea." Elihuruma akamfikiria mtoto, akaufikiria mtaa kwenye baridi ile, akazifikiria nyumba zote walizokataliwa. Hizo ndizo sababu alizojipa. Akasema sawa.


Walikuja Jumamosi jioni: Alfred, pamoja na Mzee Bernard, Mtanzania mwenzao, mwenyekiti wa jumuiya, mhasibu mstaafu, mtu mpole ambaye hajawahi kumuudhi tajiri yeyote. Wema akawapikia chai. Tafakari hilo: mwanamke anabeba maji kutoka bafuni ili awachemshie chai waliokuja kumhukumu, na anawakaangia maandazi, kwa sababu mgeni ni mgeni. Alfred alikula akasifu iliki.

Mzee Bernard akafungua kwa sala, akasema tumekuja kujenga, hatukuja kubomoa. Akaeleza kwamba jambo lenyewe ni dogo. Alfred alitoa maelekezo, maelekezo hayakufuatwa, nyumba imeharibika, na Alfred kwa roho yake ya kikristo yuko tayari kubeba hasara na kuwaacha ndugu zake waendelee kukaa, mradi tu ukweli ujulikane na aliyekosea akiri. Akamgeukia Elihuruma. Akamuuliza kama mama alielezwa kwamba mabomba yasifungwe.

Wema alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika. Alijua jibu. Alimsubiri mumewe aliseme.

"Nilimwambia," alisema Elihuruma.

Mama Nakunda, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na mjukuu mapajani, alimtazama mwanawe usoni, akamtazama hasa, kama mtu anayetafuta alama ya kuzaliwa. Mzee Bernard akamgeukia kwa heshima zote. "Mama, shikamoo tena. Unasikia anavyosema kijana. Ni kweli alikuambia?"

"Ni kweli," alisema Mama Nakunda. "Aliniambia. Ni uzee tu, baba, nikasahau. Mnisamehe."

Mzee Bernard akashusha pumzi, akasema Mungu ni mwema, tumemaliza, ona jinsi ukweli unavyoweka watu huru. Alfred akanyoosha mkono wake kuchukua andazi la pili. Akasema yeye hana kinyongo na mama, wazazi ni baraka, ila wakija huku wanahitaji kuangaliwa kama watoto. Aliyasema hayo mbele yake, kwa lugha anayoielewa.

Wema akaweka birika chini.

"Hakumwambia," alisema. "Nilimuuliza mimi mlangoni asubuhi ile, akasema atapiga simu. Hakupiga. Anawadanganya, na mama anamfunika kwa sababu amemzaa."

Mama Nakunda akamwambia akae chini. Alisema kwa ukali, kwa sauti aliyoizoea Wema, na siku nyingine Wema angekaa. Mke hamuumbui mumewe mbele ya wazee, hilo alilijua, alilelewa nalo. Mzee Bernard alianza kusema mama Joan, mama Joan, hebu. Wema hakukaa. Akasema miezi yote mumewe amembembeleza Alfred ajaze ukuta, na Alfred amekataa. Akasema maji yalimwagika jioni nzima kwa sababu Alfred alifungia valvu chumbani pamoja na vitu vyake. Akasema mama mkwe wake, mtu mzima, alichota maji ya barafu kwa sufuria na mtoto mgongoni, na badala ya kupewa pole anaambiwa aombe msamaha kwa mtu ambaye hajui hata kumwamkia.

"Jumatatu asubuhi nampigia mkaguzi wa jiji," alisema. "Aje auone ukuta."

Alfred akacheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. "Yaani utaitia brother yako watu wa city?"

"Ndiyo."

"Basi mtafute pengine pa kukaa."

"Tutatafuta," alisema Wema. "Na tutatoka kwa muda unaosemwa na sheria. Hatutatoka kwa muda wako."

Alfred akavaa koti. Akamwambia Elihuruma kwamba mwanaume anajulikana kwa nyumba yake, ila hakumaliza, kwa sababu Elihuruma hakuinua kichwa. Mzee Bernard akasema haifai kuachana bila sala. Akaomba Mungu alainishe mioyo, awape wanawake hekima ya ulimi, abariki mali ya kila mmoja. Kuhusu ukuta hakumwambia Mungu chochote. Kisha wakatoka, na Alfred aliuvuta mlango kwa nguvu mpaka plastiki ya dirishani ikatikisika.


Wema alichukua vikombe akaenda kuviosha bafuni. Hakutaka kumwona mumewe, na alijua kuna maneno ambayo si yake. Joan alikuwa amelala. Mama Nakunda akamlaza kwenye kochi, akamfunika, akarudi kwenye kiti chake.

"Nilikufunika kwa sababu kulikuwa na wageni," alisema. "Wameondoka."

Elihuruma alipiga magoti kwenye zulia. Akaomba msamaha. Akasema kila kitu kwa pamoja, nyumba, mtoto, Alfred, gari lenye kiti cha moto, jinsi alivyoogopa watalala wapi. Mama akamwacha aongee mpaka akaishiwa. Kisha akamuuliza anaomba msamaha kwa lipi hasa. Akasema ni kwa kusema uongo kikaoni. Mama akatikisa kichwa.

"Ungeniambia lile bomba lisifungwe, ningevuta kiti nikakaa mbele yake kutwa. Na mtoto mgongoni. Nisingeenda hata chooni." Sauti yake ilianza kupanda. "Nimelinda maji ya watu maisha yangu yote, Elihuruma. Kukosa nyumba siyo aibu. Baba yako alikufa hana nyumba ya bati. Wewe ulinionea aibu mimi. Ukaona afadhali niharibu, halafu niitwe mjinga mbele ya watu, kuliko nijue kwamba unapanga."

Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa haki yake, na alikuwa ameinyima nafasi tangu siku ile ya viatu. Akafungua simu yake kwenye pindo la kanga, akamnyooshea.

"Mpigie Namsifu. Mwambie nyumba ni ya nani. Mwambie nani hakusema. Awaambie na wengine, na mke wa mwenyekiti aambiwe."

"Nitapiga mama. Kesho nikitulia nitapiga, sasa hivi ni usiku."

"Huku ni usiku. Same kumekucha, wako kwenye foleni ya maji, wote wako pamoja."

Aliishika simu. Kutoka bafuni sauti ya vikombe ilikoma, Wema alikuwa amesimama anasikiliza. Simu ikaita, na Namsifu akapokea kabla haijaita mara ya pili. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na madumu yakigongana. Akamwamkia kaka yake, akauliza wanaendeleaje na baridi, akauliza nyumba yake imeshapona.

Elihuruma akamtazama mama yake. Mama alikuwa amekaa wima mbele yake na mikono mapajani.

"Namsifu," alisema, "ile nyumba si yangu."

Kule madumu yakaacha kugongana. Wanawake nao walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Endelea," alisema Mama Nakunda.